Jiwe la Goti Kwenye Mtaro wa Mpunga

Njambi, mpishi wa shule moja pale Gitothua, Ruiru, hakuwa mtu wa safari. Hata Thika alikwenda kwa lazima, na akirudi alilalamikia vumbi wiki nzima. Kwa hivyo Mwalimu Boaz alishangaa, Novemba ile ya 1959, alipomkuta amesimama mlangoni mwa darasa, mwiko mkononi.

"Mwalimu, mkienda Mwea kuona mpunga, ni mimi nitakayewapikia watoto. Usinitafutie mwingine."

Mwalimu, mtu mpole wa kutoka Magharibi, aliijua sababu. Gitothua nzima iliijua. Mume wa Njambi alichukuliwa na askari mwaka wa hamsini na nne, Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ikiwa imepamba moto, na binti yao Idah akiwa na miaka saba tu. Waliorudi kutoka kizuizini walisema mara ya mwisho walimwona Mwea, akichimba mitaro ya mashamba ya mpunga. Basi, hapo habari zikakatika. Kwa chifu Njambi aliambiwa, "Hatujui." Kwa D.C., mkuu wa wilaya, akaambiwa asubiri. Maneno gani hayo ya kumwambia mwenye mume? Lakini alisubiri, na kila Jumamosi akaanika koti la mumewe juani lisije likaliwa na nondo.

Jina lake hakulitaja kamwe. Mwanamke aliyelelewa vizuri na mama yake hamwiti mumewe kwa jina. Alikuwa Baba Idah, na huko maofisini ilibidi Idah asimame kando ya mama yake amtajie karani.

Jumanne walianza na makumbusho ya Nairobi. Njambi alipita katikati ya wanyama waliokaushwa, amekumbatia kikapu chake, hawaamini hata kidogo. Idah, ambaye sasa alikuwa miongoni mwa wanafunzi wakubwa, akamsomea kadi iliyokuwa chini ya ndege mdogo: jina lake, mwaka, mahali alipopatikana na mtu aliyempata.

"Huyu ni wa kwetu, Mama. Alipatikana karibu na mto Chania."

"Haiya! Ndege amekufa zamani hivyo na bado wanajua alikotoka?"

Watoto wakacheka, naye akacheka. Halafu kicheko kikamkauka. Alisimama pale mpaka Mwalimu akamwita mara mbili. Alikuwa na hasira, hasira tupu. Ndege mdogo kama kidole ameandikiwa kila kitu, na mume wa mtu hajulikani aliko!

Alhamisi lori likawafikisha Mwea. Njambi aliujua mchele wa dukani, ratili mbili za Krismasi. Shamba lake hakuwahi kuliona. Mkulima mmoja, Waweru, aliwaonyesha watoto jinsi maji yanavyofunguliwa kutoka mtaro mkubwa kuingia mdogo, na jinsi shamba linavyokaushwa mpunga ukikaribia kuvunwa. Watoto wakaandika. Njambi akachukua ndoo kuteka maji ya kupikia.

Alipofika ukingoni mwa mtaro, akaweka ndoo chini. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa, limelazwa likiinamia maji kidogo, na kokoto zimeshindiliwa pande zote. Baba Idah alikuwa fundi wa mitaro kwenye shamba la kahawa kule Ruiru, na kila alipojenga mtaro aliacha jiwe la namna hiyo, ili mteka maji aweke goti asiteleze. Wenzake walimcheka sana, wakamwita fundi wa magoti ya wanawake. Njambi akapiga goti, nalo likakaa sawasawa.

"Nani aliliweka jiwe hili?" alimuuliza Waweru, sauti imempanda.

"Mwenzetu mmoja, tulipokuwa wafungwa hapa. Sisi tumechoka, yeye anatafuta mawe! Alisema siku moja wake zetu watakuja kuteka maji."

"Anaitwa nani?"

Waweru akamtazama vizuri, kisha akavua kofia. "Kagwe. Wa Ruiru."

"Yuko wapi?"

"Homa ya matumbo, mama. Mwaka wa hamsini na sita. Tuliwazika wengi pale ng'ambo. Hatukuruhusiwa kuweka alama."

"Woi! Miaka mitatu naanika koti la marehemu!" Alisema kwa ukali, utadhani Waweru ndiye mwenye kosa. Kisha akajaza ndoo, maana watoto arobaini walikuwa na njaa. Chakula kilizidi chumvi, na hakuna aliyethubutu kusema. Kabla ya kuondoka aliomba suke moja la mpunga. Idah alimwambia habari hiyo yeye mwenyewe ndani ya lori, sikioni, na mtoto akamlilia mapajani mpaka Thika.

Kesho yake Mwalimu alitenga meza darasani iwe makumbusho ya shule. Watoto walikuwa wameleta unyoya wa kanga, ngozi ya nyoka, kokoto za mtoni. Njambi akaingia na aproni yake, akaliweka suke lake katikati.

Mwalimu akachukua kadi. "Mpunga. Mwea. Na aliyeupata, tuandike Mama Idah?"

"Hapana. Mimi nimeubeba tu. Andika aliyeuletea maji."

Mwalimu akamgeukia Idah amtajie, kama ilivyokuwa kawaida. Njambi akamshika binti yake begani, akamnyamazisha.

"Kagwe," alisema. Akakohoa, akarudia kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Kagwe! Kagwe wa Gitothua. Andika, Mwalimu, na uandike kwa herufi kubwa."