Bepari wa Jikoni

Kwenye maigizo ya nyimbo ya kikundi cha kijiji chetu cha ujamaa, mama mmoja jirani yetu ndiye bepari. Huingia uwanjani na mto wa kulalia ndani ya shati la mumewe, watu wakamzomea, naye akazidi kunenepa kwa furaha, mpaka anapokamatwa mwishoni. Lakini Jumapili baada ya misa huimba peke yake, jikoni kwa mama Bertilla, sisi tukipukuchua mahindi kando ya moto. Hapo hana mto. Hufuta mikono kwenye khanga, hukohoa kidogo, kisha huimba macho yakiwa kwenye vidole vyetu; tukizembea, hunyamaza. Mwisho siku zote tunamwomba wimbo wa bepari, maana ndio mtamu kuliko yote.

Jumapili iliyopita alikuwa katikati ya wimbo huo balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama, alipoingia. Papo hapo mwimbaji wetu akahamia wimbo wa kilimo, kwa kisauti chembamba cha shuleni. Balozi akapukuchua hindi zima. Halafu akavua koti, akalikunja, akampa mwimbaji.

"Weka tumboni, mama. Endelea na ule wa bepari. Ila pale anapokamatwa, paruke."