Uliotulea Ni Moto, Si Moshi

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya mawe matatu. Yalikuwa mafiga ya bibi yangu, Bibi Tusekile, yaliyokaa katikati ya nyumba yake ya jikoni huko milimani Ileje tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema kifua cha bibi hakitamudu msimu mwingine wa baridi ndani ya moshi. Baba mdogo, anayeishi Tunduma na kupikia gesi, akaamua kwamba mwisho wa Mei atakuja na gari amchukue, akaishi kwake moja kwa moja. Bibi akajibu kwamba katika jiko lile atatoka akiwa amebebwa. Mimi, mhitimu wa chuo asiye na kazi na mwenye muda mwingi wa kufikiri, niliyekuwa nikiishi kwake Tunduma, nikatumwa kumlainisha. Njia nzima nilijiuliza: nikiyang'oa mafiga yale, si nitakuwa nimeung'oa utoto wetu sote? Na nisipoyang'oa, si nitakuwa nimemzika bibi?

Najua nina miaka ishirini na sita, na mtu wa umri wangu akianza habari za enzi zetu, wazee hucheka. Wacheke. Enzi tulikuwa nazo.

Utotoni, kila Juni ilipoingia, ukungu ulishuka milimani ukakaa kama mgeni asiyeaga. Tulikwenda shule peku, umande unauma vidole mpaka vinakufa ganzi, na kila mmoja kwapani ana kijiti chake cha kuni cha kupikia uji wa shule. Tukirudi, hakuna aliyekwenda sebuleni. Sebule ilikuwa ya wageni na picha za kipaimara. Sote tulijazana jikoni, kwenye kile chumba cha matofali mabichi chenye kuta nyeusi zinazong'aa kama zimepakwa mafuta. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, mgongo ukutani. Sisi tuligombania upande wa mbali na mlango, miguu tumeielekeza kwenye moto mpaka magoti yanakuwa na mabaka.

Moshi wa mafiga una tabia ya kumwandama mtu mmoja. Sisi tuliamini unamwandama aliyejamba. "Ni Atupele! Umemfuata Atupele!" binamu zangu walipiga kelele, nami nikahama, na moshi ukahama na mimi. Mpaka leo naapa sikuwa mimi.

Viazi tulivifukia kwenye majivu ya moto, tukavila na maganda yake yaliyoungua. Chungu cha maharage hakikuepuliwa mchana kutwa. Juu yetu kulikuwa na dari la mianzi, na hapo bibi alitundika mahindi ya mbegu, meusi kwa masizi, hakuna dumuzi aliyethubutu kuyasogelea. Mtoto akisukuma kuni kwa mguu, bibi alimkaripia: "Toa mguu! Moto si mbwa huo." Na tukizidisha kuni ili miali iruke: "Endeleeni. Kesho mtaota jua."

Watoto wa baba mdogo kule Tunduma wanabonyeza kitu, "tik", mwali wa bluu unatokea, chakula kinaiva, kila mmoja anachukua sahani na simu yake na kupotelea chumbani. Mmoja wao, siku ya kwanza alipokuja Ileje, aliyazunguka mafiga mara mbili akitafuta mahali pa kuwashia. Tulimcheka hadi akalia.

Lakini kwenye kundi letu la simu, la tuliosoma pamoja shule ya msingi, kila baridi ikianza mtu hutuma picha ya mafiga na maneno matamu: moshi ndio uliotukuza, chakula cha moshi hakina mpinzani. Watu hujibu kwa mioyo myekundu. Wengi wao wanaandika hayo wakiwa mjini. Hapo ndipo ninapokataa. Mimi pia nilikuwepo, na ninakumbuka macho ya bibi yaliyokuwa mekundu mwaka mzima. Ninakumbuka kikohozi chake, ambacho sisi watoto tulikigeuza kengele: kikisikika kutoka bondeni, tuliacha kuiba sukari. Hatukujiuliza kwa nini anakohoa. Wala hatukujiuliza kwa nini babu na wanaume wengine, waliokaa nje wakisubiri chakula, hawakukohoa.

Kwa hiyo nilipofika sikumlainisha mtu. Nilimleta fundi kijana wa kijiji cha jirani, akajenga jiko banifu pembeni ya mafiga: chumba chembamba cha moto, majivu yamejazwa pande zote kuzuia joto lisipotee, na bomba la kutolea moshi juu ya paa. Vijiti viwili vilichemsha maharage ambayo zamani yalikula mzigo mzima wa kuni. Ndani hapakuwa na moshi. Nilipiga picha. Nilijiona nimemaliza kazi.

Siku ya tatu jioni nilimkuta bibi amejifunga blanketi juu ya kitenge, viganja vyake viko kwenye ubavu wa jiko jipya.

"Limezimika hili?"

"Halijazimika, bibi. Joto lote linakwenda kwenye sufuria. Yale mafiga yalikuwa yanapoteza joto nyumba nzima."

Aliviondoa viganja vyake kwenye jiko. Bibi hunitania kwa kuniita mke mwenza, kama mabibi wanavyowatania wajukuu wa kike, lakini siku ile hakuwa na utani.

"Mke mwenzangu," akasema, "nyumba nzima ndimo tulimokuwa tumekaa sisi. Kwa hiyo sisi ndio hasara?"

Chuoni sikuwahi kuulizwa swali hilo. Asubuhi nilikuta moto unawaka katikati ya mafiga, moshi umejaa, naye amekaa palepale pake akikohoa, uso umetulia. Jiko langu lilikuwa limewekewa ungo juu.

Nilichora mstari katikati ya ukurasa wa daftari, faida huku, hasara kule. Pande zote mbili zilijaa sawa. Nikachora mwingine. Nilifikiria hata kumpigia baba mdogo nimwambie aje mapema.

Aliyeniokoa ni Mzee Jailo, jirani aliyelima tumbaku miaka mingi kule Mbangala kabla ya kurudi kwao. Alikuja kunywa kahawa, akalitazama jiko jipya, akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Binti msomi, umemjengea bibi yako jiko la mgahawa!"

"Lina kasoro gani, mzee?"

"Kasoro halina. Linapika. Ila huyu mama anataka kuota moto. Umewahi kuingia kwenye bani?"

Sikuwahi. Akanieleza. Bani ni nyumba ya kukaushia tumbaku ya mvuke. Moto unawashwa mdomoni, kwa nje. Moshi wake wa moto unapita ndani ya mfereji uliofunikwa, unaizunguka sakafu, unatokea upande wa pili kwenye bomba. Mfereji unashika joto, unaligawa taratibu.

"Mle ndani unatoka jasho," alisema, "na moshi huuoni hata kidogo. Tumbaku ikinusa moshi tu, mnunuzi anaikataa."

Bibi alikuwa akichambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Kumbe mlikuwa mnajua."

"Tulijua nini, mama?"

"Kujenga nyumba yenye moto isiyo na moshi. Mkalijengea jani."

Mzee Jailo aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kesho yake alfajiri alikuja na kolego.

Tuliacha chumba cha moto kama kilivyo, tukaondoa yale majivu ya ubavuni, na bomba tukaling'oa. Badala ya moshi kupanda moja kwa moja, tuliulazimisha upite ndani ya benchi la udongo na matofali lililofuata ukuta mzima, ndipo utoke nje kwa bomba lile lile. Mimi nilikanyaga udongo, Mzee Jailo akajenga, bibi akatukosoa wote wawili. Mara ya kwanza bomba lilikuwa fupi, moshi ukaturudia tukatoka mbio tukilia machozi. Tukalirefusha. Siku nane tuliwasha moto mdogo mdogo ili udongo ukauke bila kupasuka. Siku ya tisa nilipika ugali kwa vijiti vitatu, na nilipokaa kwenye benchi nilihisi joto linanipanda mgongoni polepole. Asubuhi moto ulikuwa umezimika zamani, lakini benchi lilikuwa bado vuguvugu.

Sidanganyi kwamba hatukupoteza kitu. Mahindi ya mbegu sasa yanawekwa kwenye pipa lililofungwa, kwa sababu darini hakuna masizi ya kuyalinda. Kiazi cha kufukia majivuni hakipo, mdomo wa jiko ni mwembamba mno. Na tukikaa kwenye benchi tunakaa mstari mmoja kama abiria, wakati zamani tulikaa duara na kila mmoja alimwona mwenzake akitabasamu. Hilo linaniuma. Nikilikumbuka duara lile natamani kurudi utotoni hata kwa dakika tano, mabaka ya magoti na yote. Ila katika duara lile mtu mmoja alikuwa akilipa kwa kifua chake ili sisi wengine tupate joto, na sitaki mtu aniambie huo ndio uliokuwa utamu wenyewe.

Siku moja kabla ya mwisho wa Mei, baba mdogo alipiga simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mwambie bibi afunge mizigo. Kesho nakuja."

"Njoo kumsalimia. Kumchukua, hapana."

 Sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa yeyote maishani mwangu.

"Atupele, nilikutuma ukamlainishe, au ukajenge?"

"Nimejenga. Moshi haupo, joto lipo."

"Na akizidiwa huko milimani, nani atamkimbiza zahanati?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mara mia, na kila mara nikaogopa jibu lake.

"Mimi. Sirudi Tunduma. Nakaa naye mpaka baridi iishe."

 Akasema atakuja na blanketi zito, akakata.

Nilichukua jembe. Mafiga yalikuwa yamezama chini kama meno, na udongo kati yake ulikuwa umeungua mpaka ukawa tofali. Bibi alikuwa ameegemea ukuta kwenye benchi, miguu ameipandisha juu.

"Ng'oa," alisema. "Ng'oa kabla sijabadili mawazo."

Nikang'oa la kwanza, nikang'oa la pili. La tatu lilikuwa zito, nikalikumbatia hadi nje, nikalisukumia bondeni nikalisikia likivunja vichaka hadi chini kabisa. Kisha nikarudi ndani, nikapanga vijiti vitatu mdomoni mwa jiko, nikawasha.