Mlango Uliong'olewa na Mungu

Mkalimani wa mahakama moja, ambaye hadi mumewe alimwita Bi Tafsiri, aliapa siku alipoajiriwa kwamba atatafsiri kila neno, asiongeze wala asipunguze. Waliotunga kiapo hicho ni dhahiri hawakuwahi kusikia Kiingereza cha mawakili.

Kiingereza hicho hakizungumzwi nyumbani kwa mtu yeyote, wakiwemo Waingereza. Mkataba ukifa, wakili husema ni batili na tena ni bure, nadhani kwa kuhofia usije ukafufuka. Akitaka kitu haombi, anasali. Ndivyo Bi Tafsiri alivyotafsiri zamani, na babu mmoja ukumbini akavua kofia, akaitikia, "Amina!" Hakimu akamkaripia mkalimani. Kesi iliyofuata akaeleza maana badala ya neno, akakaripiwa kwa kuongeza. Basi akaamua: neno kwa neno, atakayeumia aumie.

Zamu ya kuumia ikamfikia fundi cherehani mmoja, mjane, aliyepanga chumba cha mbele katika nyumba ya mzee mmoja mnene. Mzee alitaka chumba ampe binamu yake. Fundi akagoma kutoka. Asubuhi moja alitoka kununua vifungo, aliporudi akakuta chumba kipo, cherehani ipo, mlango haupo. Akashtaki.

Siku ya kesi, wakili wa fundi alisimama kumjibu wakili wa mwenye nyumba.

"Rafiki yangu msomi amekosea," Bi Tafsiri akatafsiri.

Fundi akainua kichwa.

"Rafiki yangu msomi hakuusoma mkataba."

Kwa mawakili, huo ni mtindo tu wa kutajana, hata kama hawajasalimiana tangu chuoni. Fundi hakusomea chuo hicho. Akasimama.

"Kumbe ni rafiki yako! Na mimi nakueleza siri zangu zote! Kaa chini baba, kesi yangu naisema mwenyewe."

Hakimu, ambaye alikulia katika lugha hiyohiyo ya fundi, alisubiri kwa utulivu atafsiriwe. Bi Tafsiri akatafsiri. Hakimu akashangaa upya, kwa Kiingereza. Wakili alijaribu kujitetea, lakini alivyozidi kujitetea kwa Kiingereza ndivyo fundi alivyozidi kumtazama kama mwizi wa nguo kambani. Mwishowe akakusanya vitabu vyake, akatoka. Bi Tafsiri alijisikia vibaya. Alikuwa ameshika kiapo barabara, na mama wa watu amebaki peke yake.

Wakili wa mwenye nyumba akaona njia nyeupe. Akasema mlango uling'olewa na upepo, na upepo, kisheria, ni janga la asili lisilo na wa kulaumiwa. Ila Kiingereza cha kisheria hakisemi hivyo.

"Mlango huo," alitafsiri Bi Tafsiri, macho sakafuni, "ni tendo la Mungu."

"La nani?" fundi akauliza.

"La Mungu."

"Bawaba zimefunguliwa moja moja, misumari imepangwa dirishani. Mungu ana bisibisi?"

Hakuna aliyewahi kujua Bi Tafsiri angeipelekaje hiyo kwa Kiingereza, kwa sababu mwenye nyumba, mtu mcha Mungu, alishaanza kuhema kwa hasira. Hakuweza kuvumilia Muumba asingiziwe mbele yake.

"Acheni kufuru!" akapiga kelele. "Mlango nimeung'oa mimi! Na sikutumia bisibisi, nilitumia koleo!"

Wakili wake akafumba macho. Safari hii hakimu hakusubiri tafsiri.

Hukumu ilisomwa mchana uleule. Mlango urudishwe, na mpangaji aachiwe "starehe tulivu" ya chumba chake.

"Starehe gani tena?" fundi akalalamika. "Mimi nataka kushona."

Bi Tafsiri akamtazama hakimu, akamgeukia fundi. "Dada, maana yake ukae kwako, asikubughudhi mtu."

"Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo?"

Hakimu alisikia vizuri sana. Akapata ghafla kitu cha kutafuta kwenye droo, akakitafuta hadi ukumbi ulipobaki mtupu.

Mlango ulirudishwa wiki ileile, ukapachikwa kichwa chini, kitasa kilichokuwa usawa wa kichwa kikawa karibu na magoti. Fundi hakushtaki tena. Alisema anaogopa kuelezwa kisheria sababu yake.