Mkwe Alipobeba Mzinga

Jumanne, mwezi wa Juni. Asubuhi kulikuwa na baridi kavu na upepo wa kupasua midomo. Wingu hata moja hakuna.

Naanza na baridi kwa sababu ina kazi yake. Nyuki wakisikia baridi hawatoki, kwa hiyo asubuhi mtu wa miguu aliweza kuinama akapita chini ya mizinga yetu. Jua likipanda, hapiti mtu. Ndivyo tulivyoiziba barabara ya msituni hapa Ipole: kamba kutoka mti hadi mti, na mizinga yenye nyuki ikining'inia katikati, ili mafuta ya tingatinga yasiingie ndani. Mwenye shamba jipya la tumbaku anasema msitu ni wake, serikali ya kijiji ilimgongea muhuri. Sisi tunasema babu zetu walitundika mizinga humo kabla kijiji hakijawa na muhuri. Mimi sikusoma sana, pengine iko sheria nisiyoijua.

Si wote waliokuwa upande wetu. Mnunuzi wa asali kutoka mjini Tabora, mzee wa kofia na kanzu, lori lake lilikwama ng'ambo ya kamba.

"Nyie Wanyamwezi hambadiliki," akasema. "Wazee wenu walifunga njia mpaka msafara utoe hongo. Haya, semeni, mnataka kaniki au shanga?"

"Tunataka miti yetu, mzee."

"Mti hauvaliwi!"

Tukacheka, naye akacheka. Lakini ni yeye aliyenunua asali yetu mwaka ambao wengine waliikataa, na sasa madumu yake yalikuwa yamekwama kwa sababu yetu. Hilo nalo naliandika.

Jirani yetu Msukuma alizungusha ng'ombe wake pembeni, akasema bila kusimama, "Mimi mliponitoa humohumo, mlisema msitu ni wa nyuki. Leo mmetolewa nyie, mnalia." Nikaikaza kamba iliyokuwa karibu nami.

Ndipo akatokea shemeji, mume wa dada yangu, akitembea kutoka msituni. Yeye ndiye dereva wa tingatinga. Alikuwa amebaki kulilinda baada ya mafuta kuisha. Na ndiye aliyeuangusha mninga wenye mzinga wa marehemu baba. Tulikuwa tumeuokota ule mzinga, gome limepasuka, tukauweka kando ya barabara. Alama ya baba, duara lenye mikia miwili, ilikuwa bado inaonekana. Kila mrina asali wa huku anaijua alama ile. Shemeji anaijua zaidi, maana baba ndiye aliyemfundisha kurina.

"Nipisheni, shemeji," akasema. "Chakula kimeniishia, na maji pia."

"Mzinga uliuona?"

"Niliuona."

"Na alama?"

"Niliiona. Ningeshuka mimi, angepanda mwingine. Watoto wa dada yako ungewalisha wewe?"

Alisema kweli. Nami kweli ile sikuitaka, nilitaka aumie. Mmoja wetu akasema, "Tumketishe hapa hapa. Jua likipanda ndipo apite." Wengine wakapiga makofi. Wazo lile lilinipendeza, sifichi. Kisha likanijia la kunipendeza zaidi.

"Utapita sasa hivi," nikamwambia. "Ila utabeba mzinga wa baba. Utampelekea mama mwenyewe, na utamwambia kwa kinywa chako nani aliuangusha."

Makofi yakakoma. Kwetu mwanamume hamkaribii mama mkwe wake. Akimwona njiani huchepuka, na akiwa na neno hulituma kwa mtu.

"Bora nyuki," shemeji akasema taratibu.

"Nyuki watakuuma leo tu."

Akaubeba. Nilimfuata nyuma nikitazama asali yenye udongo ikimchuruzika shingoni. Mama alikuwa uani anapepeta mtama. Alipomwona akajifunika kanga usoni, akageukia ukuta. Shemeji akapiga magoti mbali, macho chini.

"Shikamoo, mama. Mti wa baba nimeuangusha mimi."

Mama, uso ukutani, alipepeta mtama ule ule mpaka nikaona aibu mimi.

"Marahaba," akasema. Basi.

Shemeji alipokwenda kukaa nyuma ya nyumba, mama aliusogelea mzinga, akaipitishia kidole alama yote, akaufunika kwa gunia. Nilikuwa nimefurahi, lakini nilipouona mkono wake nikajiuliza kama sikumwadhibu na yeye. Sina hakika. Ila nikiulizwa kama ningefanya tena, ningefanya.

Jioni ikabaki kazi ya chakula. Mkwe akifika haondoki bila kula, na huchinjiwa kuku. Hiyo haijadiliwi. Jogoo alikuwa anatembea uani. Shemeji alichungulia konani mwa nyumba akamwona, nami nilimwona akimwona.

"Nimkamate, mama?"

"Mwache," akasema kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba. "Ana kazi ya kuwika."

Tulikula ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamechemshwa kwa chumvi bila karanga. Shemeji alipelekewa sahani yake peke yake, kwa heshima kama inavyotakiwa, na kilichomo kilikuwa sawa na chetu. Alimaliza yote.