Chupa Iliyolala na Mbegu

Vidole vya Rosa vilikuwa vimeliwa. Havikukatwa wala havikuungua; vililiwa. Ngozi ya nchani ilibanduka, ikaota, ikabanduka tena, mpaka akawa hawezi kumtoa mtoto mwiba bila kuguna kwa uchungu. Ndivyo utomvu wa papai unavyomfanya mtu anayeugema. Wenzake wa huko juu Mgeta walipomwona akishika chungu kwa viganja, walimtania kwamba siku hizi amekuwa bibi harusi, anaogopa kuharibu hina. Rosa alicheka nao. Wakati ule alikuwa mwanamke wa kucheka upesi.

Hakwenda kwenye utomvu kwa kupenda. Mumewe, Severini, alikuwa kwenye ujenzi wa reli, ambayo ilikwishaipita Morogoro ikielekea Tabora, na jumbe alitaka kila nyumba itoe mtu wa kwenda shamba la Mjerumani kule Mlali, chini ya mlima. Nyumba ya Rosa ilikuwa na watu watatu: yeye, mama yake Regina, na mwanawe Kasiani wa miaka minne. Bibi na mtoto hawapewi kipande cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku. Akashuka Rosa, na mtoto mgongoni.

Kasiani hakuwa mtoto wa kuachwa. Mwaka uliotangulia aliharisha damu, akapona kuhara lakini tumbo halikurudi. Alikula, tena alikula kwa pupa, ila chakula kiliingia na kutoka vilevile kilivyoingia. Maharage unaweza kuyahesabu. Mikono ilikuwa vijiti, tumbo limejaa, nywele zimepauka. Regina alimchemshia kila mzizi anaoujua, na alijua mingi. Kila asubuhi Rosa alipoamka, kabla ya kufungua macho, alipeleka mkono kifuani kwa mtoto kuona kama bado panapanda na kushuka.

Kule shambani mipapai ilipandwa kwa mistari kama askari. Asubuhi na mapema wanawake waliyachanja mapapai mabichi kwa kigae cha chupa, kwani chuma kiliharibu utomvu, na tone jeupe likadondokea kwenye bakuli la udongo. Likishaganda lilipelekwa chumba cha kukaushia, likatoka huko limekuwa unga wa rangi ya maziwa, ukatiwa kwenye chupa nyeusi na kupanda gari moshi kwenda Dar es Salaam, na kutoka huko Ulaya.

Msimamizi wa chumba hicho alikuwa mzee Mwinjuma, mtu wa mjini Morogoro, mswalihina, mkali kwa kila mtu isipokuwa kwa Kasiani. Siku moja alimtazama mtoto akila ugali, akamtazama tena baadaye kidogo kule nyuma ya kibanda, kisha akamwita Rosa.

"Binti, unajua Wazungu wanaupeleka wapi unga huu?"

"Sijui, mzee. Labda wanapaka nyumba."

"Wanakula. Matumbo yao yamelegea kama la mwanao. Huu unga unakitafuna chakula kabla tumbo halijakitafuna. Si unaona unavyokutafuna vidole?"

Alitia maziwa vuguvugu kwenye kikombe, akanyunyiza unga kidogo, akakoroga. Rosa alitazama kwa sababu ya adabu tu. Lakini mzee hajamaliza kusokota tumbaku yake, maziwa yakaganda, mapande kwa mapande.

"Unga huu uko hai," alisema Mwinjuma. "Ukifa, maziwa yanabaki maziwa."

Rosa alidhani anataniwa. Unga unakufaje? Lakini alichukua alichopewa, akatia ncha ya kijiko cha mti kwenye uji mzito wa maharage uliopoa kiasi, akaungoja ulainike, akamlisha. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho yake tena. Mwezi haujaisha, Kasiani alikuwa na matako. Mtu asiyewahi kuwa na mtoto mgonjwa atacheka, na acheke. Rosa aliyashika yale matako madogo kwa viganja vyake viwili akalia kwa furaha mbele ya watu.

Furaha ile ilidumu kiangazi kizima. Karibu na masika homa za bondeni zikaanza, na Kasiani akashikwa mara mbili mfululizo. Regina alituma neno kwamba mjukuu wake apandishwe mlimani kwenye baridi, mbu wasimmalizie alichopata. Neno lilikuwa la haki. Ila huko juu mpapai hauzai, unaduwaa kwa ukungu. Na masika ikishika, mto unafurika na njia inakatika miezi miwili, pengine zaidi. Unga wa kumfikisha mtoto ng'ambo ya mvua ilibidi apande nao.

Mwinjuma alimpa chupa moja nyeusi iliyojaa, akaiziba kwa kizibo na nta ya nyuki. "Ukitunzwa vizuri, huu unakwenda mvua hadi mvua," alisema. "Ukitunzwa vibaya haumalizi mwezi. Usipigwe na jua. Usiguswe na maji. Usiutie kwenye chuma. Usiupeleke kwenye moto. Mimi chupa zangu nazifukia mchangani, pembeni mwa mtungi, pale penye baridi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Nirudishie."

Rosa akamrudishia yote manne, neno kwa neno.

Alipanda na Kasiani siku ya Jumamosi, na Jumapili mchana alitakiwa awe ameanza kushuka, maana kipande chake kilikuwa na siku kumi na moja hazijatimia na mawingu yalikwisha kukaa juu ya kilele. Wenzake aliokuja nao walikuwa tayari njiani, wanamwita kwa sauti. Kasiani alikuwa amemng'ang'ania nguo. Regina alisimama mlangoni, chupa mkononi, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga.

"Asubuhi na jioni, mama. Ncha ya kijiko. Uji uwe wa vuguvugu, usiwe wa moto. Halafu ungoje kidogo."

"Nimeelewa. Na chupa niiweke wapi?"

"Pakavu, mama."

"Pakavu."

"Pakavu kabisa. Unyevu ndio adui. Ukiingia unyevu, hatuna mtoto."

Akaitwa tena. Akamtoa Kasiani nguoni, kidole kimoja kimoja, akaenda.

Nimesema Rosa aliyajua makatazo manne. Alitaja moja. Silitaji kosa lake ili alaumiwe. Nani, mtoto akimlilia na wenzake wakimwita, angekumbuka kumwambia mama yake asiweke dawa motoni? Nani anaweka dawa motoni?

Basi sikilizeni. Huko juu Mgeta masika si mvua tu. Ukungu unaingia ndani ya nyumba na kuketi. Ngozi ya kulalia inaota ukungu, chumvi inayeyuka, kuni zinatoka jasho. Nyumba nzima ina mahali pamoja tu pakavu: dari la fito lililo juu ya meko, ambako moshi unapita mchana kutwa. Hapo ndipo mwanamke wa mlimani anapoweka mbegu. Moshi unafukuza fukusi, joto linazuia uozo, na mvua za kupandia zikija mbegu inashuka nyeusi kwa masizi lakini nzima. Regina alikuwa na mahindi aliyoachiwa na mama yake, ambaye naye aliachiwa na mama yake, kwa maana kwa Waluguru ardhi na mbegu hupita kwa mama. Mahindi hayo yalikuwa yamening'inia juu ya moto tangu kabla ya Mjerumani yeyote kuuona mlima ule. Hakuna kitu Regina alichokipenda akakiweka mahali pengine.

Akaiweka chupa katikati ya mahindi ya ukoo. Kila asubuhi na kila jioni alipanda kigoda akaishusha, akatia ncha ya kijiko, akairudisha. Hakuruka hata siku moja. Chungu kikichemka mvuke ulipanda, na moto ukikolea joto lilipanda, na chupa ilikuwa hapo.

Kipande cha Rosa kilikwisha, lakini mto ulikuwa umejaa. Mara tatu alikwenda hadi ukingoni akarudishwa na maji. Alipovuka mwishowe, kwa kamba, akiwa na wanaume wawili wa Mgeta, zilikuwa zimepita wiki kumi. Alipanda mlima akiimba. Kwenye kifurushi alikuwa na shati la Kasiani, alilikadiria kubwa kidogo, kwa ajili ya ule unene.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Regina hakuinuka. Alikuwa ameketi sakafuni na Kasiani mapajani, na Rosa alipomwona mtoto alidhani kwanza ni mtoto wa mtu mwingine.

"Sijaruka siku, Rosa," alisema Regina. "Naapa kwa Mulungu. Mwanzoni alikuwa mzuri. Halafu akaanza tena. Nikaona labda kidogo hakitoshi, nikaongeza. Nimempa asubuhi, nimempa jioni."

"Chupa iko wapi, mama?"

Regina alimwonyesha kwa kidevu. Juu.

Rosa alipanda kigoda. Chupa ilikuwa ya joto kama yai lililotoka chini ya kuku. Nta ilikwisha kuyeyuka ikatiririka ubavuni, ikaganda, ikayeyuka tena, ikawa nyeusi. Unga wenyewe ulikuwa umebadilika rangi kidogo tu, umekuwa kama vumbi la njiani. Alikwenda kwa jirani akaomba maziwa ya mbuzi, akayapasha yakawa vuguvugu, akanyunyiza, akakoroga. Akangoja.

Aliyatazama maziwa yale mpaka yakapoa.

"Unangoja nini?" aliuliza Regina.

"Hakuna, mama."

Akamfunga Kasiani mgongoni, akashuka mlima saa ileile kufuata unga ulio hai. Njia ilikuwa matope matupu, alishuka akishikilia majani. Mtoto alikuwa mwepesi, na huo wepesi ndio uliomtia hofu. Alimwambia habari za Mwinjuma, kwamba anamngoja na tumbaku yake. Alimwambia habari za shati. Kasiani aliitika, "Mama," mara moja, kisha mara nyingine, kisha akatulia, na Rosa akafurahi kwamba amelala. Walikuwa karibu na mto. Alikuwa anasikia maji.

Mtoto aliye hai mgongoni ana joto lake, mama huwa halisikii kwa sababu amelizoea. Rosa alilisikia lilipoondoka. Mgongo wake ulianza kupoa, hapa kwanza, katikati ya mabega, halafu chini. Aliendelea kutembea. Alitembea mpaka kwenye maji kabisa, akasimama hapo na miguu mtoni, hakuthubutu kufungua nguo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Usemi huo mimi siupendi. Aliyeusema hakuwahi kusimama pale.

Alipanda naye tena. Walimzika upande wa migomba, katika shati jipya, ambalo lilikuwa kubwa.

Siku ya tatu Regina alimwuliza. Walikuwa wawili tu, wanachambua maharage ambayo hakuna aliyetaka kuyala. "Rosa. Ile dawa. Nilikosea mahali?"

Rosa alitazama juu darini, mahindi ya ukoo, na ile nafasi katikati yake. Ukweli ulikuwa mdomoni, mzima. Na nusu ya kosa ilikuwa yake mwenyewe. Pakavu, alisema. Pakavu kabisa. Mama yake alitafuta mahali pakavu kuliko pote, akampa mjukuu wake kitanda cha mbegu.

"Hukukosea, mama. Dawa ilikuwa nzima. Ni Mungu tu."

"Kama kungekuwa na kosa ungeniambia?"

"Ningekuambia."

Regina alipumua kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na akala kidogo jioni ile. Rosa aliona kwamba amefanya vizuri. Hakujua kwamba uongo nao unatunzwa.

Severini alirudi kutoka kwenye reli. Mwaka wa pili akazaliwa Veronika, mtoto mnene, mwenye kelele, tumbo lake halina neno. Alikuwa anakaribia kuachishwa ziwa siku aliyokunywa maziwa ya mbuzi akalia tumbo, kama watoto wote wanavyolia. Rosa alikuwa anambembeleza mlangoni aliposikia kigoda kikiburutwa.

Regina, ambaye sasa magoti yalimsumbua, alikuwa amekipanda pale mekoni. Alishuka pole pole na kitu amekifuta kwa kanga yake mpaka kinang'aa. Chupa nyeusi. Ilikuwa bado na robo.

"Uliniambia ilikuwa nzima," alisema, na uso wake ulijaa haya na furaha, kama msichana. "Nikasema basi nitaitunza, labda atakuja mwingine. Sijaishusha hata siku moja, isipokuwa kufuta masizi. Rosa, mwanangu, kitu nilichokiweka pale hakijawahi kunifia."

Severini alikuwa uani, anapasua kuni. Jua lilikuwa kali. Rosa aliinyoosha mikono yote miwili akaipokea chupa, na ilikuwa ya joto.

"Asante, mama."

"Nipe mimi. Mimi nakumbuka kipimo."

Regina alitia maziwa vuguvugu kwenye kikombe, akatia ncha ya kijiko, akakoroga kwa uangalifu mkubwa, kisha akakiweka chini wangoje kidogo, kama alivyofundishwa. Wakakaa pande mbili za kikombe, mama na binti, na Veronika katikati. Rosa alitazama. Alitazama muda mrefu, vidole vyake vimepona siku nyingi, amevikunja mapajani.

Maziwa yakabaki maziwa.

"Tayari?" aliuliza Regina.

"Tayari, mama," alisema Rosa. "Mpe."