Vidonge vya Mdogo Wangu

Watu wa Mbuba wakitaka kumwonyesha mlevi mfano wa mtu aliyeishinda pombe, humtaja mdogo wangu Ndayisaba. Mimi ni Domisiana, dada yake mkubwa, na nawaomba wamwache. Mfano gani huo wa mtu anayeshinda kitandani huku kahawa yake inakaukia mtini?

Alilewa miaka kumi na mmoja. Alikuwa kuli pale Lusahunga, akipakua malori, na jasho lake lote liliishia kwenye gongo. Mkewe Christina alivumilia hadi yakamfika shingoni, akachukua watoto akarudi kwao Nyarubungo. Mwaka juzi Ndayisaba alirudi nyumbani amekonda, mikono inatetemeka, akasema ameacha. Sikumwamini. Nilimtolea maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze.

Lakini aliacha kweli. Miezi mitatu baadaye jumuiya yetu ilimpeleka kanisani, akaweka mkono juu ya Injili, akaapa kwamba kilevi hakitapita kooni mwake, wala kitu chochote cha kubadilisha akili. Maneno hayo aliyatunga Paschal, mwenyekiti wa jumuiya, na aliyasoma kwa madaha kana kwamba yametoka Roma. Tulipiga vigelegele, na mimi nilipiga kuliko wote.

Kilichofuata hatukukijua jina. Kwenye harusi na misiba, mtungi wa pombe ya ndizi ulipowekwa katikati na wanaume wakipokezana mrija, walimruka, naye akaanza kubaki nyumbani. Akaacha kuoga. Chakula alikionja akakisukuma kando. Ukimsalimia, jibu lilichelewa hadi ukadhani hakusikia. Sisi tukasema ametulia. Tulizoea kumwona akipiga kelele na kuanguka mitaroni, kwa hiyo Ndayisaba aliyenyamaza kwetu alikuwa Ndayisaba aliyepona. Siku moja nilimpongeza kwa utulivu huo. Akasema, "Dada, nilipokuwa mlevi nilikuwa na sababu ya kuamka."

Nilimkemea asimkufuru Mungu.

Msaada aliutafuta mwenyewe, na hakuniambia. Haya nayajua kwa sababu alinisimulia baadaye, mambo yalipokwisha kuharibika. Alikwenda zahanati akidhani ana malaria. Tabibu wa pale, kijana anayeitwa Celestini, alipoona kipimo hakina kitu hakumfukuza. Alimuuliza kama analala, na kama bado kuna kitu chochote anachokipenda. Ndayisaba alilia palepale kwenye kiti. Tangu arudi, kila mtu alimuuliza kama amekunywa. Hilo la kupenda hakuna aliyewahi kumuuliza. Celestini akamwambia ana sonona, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, kwamba huwapata wengi walioacha pombe, na wengine walikuwa nao tangu zamani, pombe ikiufunika tu. Akamwandikia barua ya kwenda hospitali. Huko alipewa vidonge, akaambiwa vitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na asiviache ghafla hata akijiona ana nafuu.

Wiki ya tano nilimkuta ananoa panga la kupogolea kahawa. Mchana aliniambia ndizi zangu hazina chumvi. Nilifurahi kama nimesifiwa. Jioni akasema Jumamosi angependa kwenda Nyarubungo kuwaona watoto. Nilisimama kwenye jumuiya nikatoa ushuhuda kwamba sala zetu zimemrudisha, na watu wakaitikia amina.

Kesho yake yeye akiwa shambani niliingia kumfagilia chumba, nikaviona vidonge chini ya mto. Sikumsubiri anieleze. Nilivifunga kwenye ncha ya kanga, nikampelekea Paschal. Akavigeuzageuza, akaniuliza kama mdogo wangu husinzia mchana. Nikasema siku nyingine husinzia.

"Basi ni kilevi hicho, Domisiana," akasema. "Ametoka kwenye kimoja amehamia kwenye kingine. Na kiapo chake kinasemaje?"

Nilirudi nyumbani nikavimwaga vyote chooni, na cheti cha hospitali nilichokikuta navyo nikakitia motoni. Ndayisaba alipotoka shambani nilimwambia, kifua mbele, kwamba nimekiokoa kiapo chake. Hakugomba. Laiti angenitukana. Aliuliza kama ni vyote, nikasema ni vyote, akaegemeza panga ukutani akaingia ndani. Jumamosi hakwenda popote.

Yapata miezi minne sasa. Nilipoona amerudi kulekule, tena zaidi, nilikwenda mwenyewe kwa Celestini, naye akanieleza taratibu, bila hata kunipandishia sauti, nilichokuwa nimefanya. Nilitoka pale nikaenda kwa padri. Padri akashika kichwa, akasema hakuna kiapo duniani kinachomkataza mgonjwa dawa yake. Siku hiyohiyo Paschal alikuja, akasimama mlangoni kofia mkononi, akaomba radhi. Sikujua kwamba Paschal anaweza kuomba radhi. Ndayisaba alimjibu "haya," akageukia ukuta.

Nilibaki naye. Nilipiga magoti kando ya kitanda, mimi dada mtu, nikamwambia makosa ni yangu, nikamwambia tutakwenda wote hospitali, nitambeba nikilazimika, na vidonge nitavilinda mwenyewe. Nilisema mengi. Yeye alisubiri nimalize.

"Mara ya kwanza nilikwenda kwa miguu yangu, dada, na sijui nguvu ile niliitoa wapi," akasema. "Sasa sinayo. Waambie jumuiya nimepona. Mtu aliyepona huwa mnamwacha apumzike."

Lile neno apumzike lilinitoa jasho. Nilikwenda ghalani, nikachukua sumu ya kunyunyizia wadudu wa kahawa, nikaipeleka kwa jirani na kumwambia asinirudishie hata nikimwomba. Kisha nikahamishia mkeka wangu chumbani kwa Ndayisaba. Celestini alikuja mara mbili kwa baiskeli, akakaa naye, akaondoka akisema atarudi. Mimi kila asubuhi namwekea maji ya kuoga na shati safi, namwambia leo twende. Na kila asubuhi ananiuliza, kwa upole kabisa, kama bado sijachoka.