Tope la Mgodini

Asubuhi ile nilitoka Shanwe bila mpango wowote, kwa sababu tu mvua ilikuwa imekatika na miguu ilinisumbua. Kabla jua halijawa kali nilifika kijiji kimoja jirani na mgodi wa zamani wa madini ya risasi, nikakuta watu wamelizunguka bwawa la samaki la kijiji wakimhukumu mlinzi wake.

Kosa lake lilikuwa hili. Perege waliopandikizwa bwawani walinenepa lakini hawakuzaa. Nyumbani kwake, kwenye shimo alilochimba nyuma ya jiko, perege aliogawiwa kutoka kundi lilelile walikuwa wamezaa mpaka maji yanachezacheza. Kamati ikaamua kwamba vifaranga vile vimeibwa bwawani.

"Niliviiba vikiwa tumboni mwa mama zao?" mlinzi aliuliza. "Mkono niliupitisha wapi?"

Watu walicheka. Mwenyekiti hakucheka.

Shule niliiacha darasa la tano, lakini jambo nisilolielewa haliniachi nipite. Niliomba kisu nikapasua samaki wa bwawani. Majike yalikuwa na mayai machache, yamesinyaa kama mtama ulioungua. Madume yamepauka, hayana ile rangi ya kutafutia mchumba. Kisha tukavua jike moja la shimoni. Lilikuwa limejaza mayai mdomoni, maana perege hulelea humo.

Nilichota tope la bwawani. Lilikuwa la kijivu, laini kama unga. Nikauliza limetoka wapi.

"Mgodini," mjumbe mmoja alijibu kwa fahari. "Bwawa lilikuwa linavuja. Tope lile halipitishi hata tone. Tulilibeba kwa vikapu, kijiji kizima."

"Na la shimoni kwako?" nilimuuliza mlinzi.

"Udongo wa kichuguu," alisema mlinzi. "Mgodini mbali, mimi mvivu."

Hata mbuzi angeelewa. Nikawaambia samaki wao wanalala juu ya mabaki ya risasi.

"Kijana," mwenyekiti alisema, "umeishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi tueleze, mtaalamu. Tope linamtambuaje jike?"

Wakampigia makofi. Nimeona watu wakishangilia mambo mengi ya kipumbavu, ila lile bado nalikumbuka. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba risasi iliyotulia kwenye tope huvuruga homoni za samaki, mayai yakashindwa kukomaa. Sikuhitaji kitabu siku ile. Wao walihitaji macho tu, na walikuwa nayo.

Mlinzi alifukuzwa kijijini kama mwizi. Vifaranga vyake vikachotwa kwa ndoo na "kurudishwa kwa wananchi", yaani kumwagwa juu ya tope lilelile, huku wanawake wakipiga vigelegele. Mwenyekiti akafuta mikono kama aliyemaliza kazi ya maana.

Mlinzi alifunga nguo zake kwenye shuka. Nami sikuwa na pa kwenda, nikamfuata. Tulipata lori la mahindi hadi Kibaoni, alikoolewa dada yake. Tulifika jua likizama. Dada alinionyesha mkeka kando ya kihenge, kisha akamgeukia ndugu yake.

"Umefukuzwa? Watu wa hapa watauliza. Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu, dada. Hapa kuna kichuguu?"

"Kipo, nyuma ya choo. Cha nini?"

"Kesho niazimie jembe," alisema. "Waje wenyewe waone samaki wakizaa."